Utendi wa enanga hauna "maneno yake halisi"

Limetokea tena. Kwenye shindano moja la muziki wa asili, kijana niliyemfundisha miaka mitatu amekatwa alama eti "ameruka beti". Jaji alikuwa na karatasi mkononi. Naijua karatasi ile: ni maneno aliyoimba manju mmoja usiku mmoja, mtu akayaandika, yakapigwa chapa, na sasa yamegeuka msahafu. Halafu beti zipi? Enanga, yaani utendi unaoimbwa kwa ala ya jina hilohilo, haina beti!

Kwa wanaouliza kila mara: ala yenyewe, enanga ya Wahaya, ni ubao uliochongwa kama kihori, nyuzi 7 au 8, ambazo hasa ni uzi mmoja unaokwenda na kurudi kwenye mapengo ya ncha zake. Zamani kano za ng'ombe, siku hizi nailoni. Inanga ya Rwanda na Burundi ni ndugu yake. Ennanga ya Baganda ni kinubi. Wameshirikiana jina tu. Tuendelee.

Nina rekodi mbili za mzee mmoja wa Muleba, utendi uleule. Ya kwanza niliichukua chumbani kwake mchana, tukiwa wawili: dakika 22. Ya pili ni ya harusini, usiku, rubisi, pombe ya ndizi, imeshazunguka: zaidi ya saa moja. Chumbani, shujaa alipanda mtumbwi akavuka ziwa, basi. Harusini wavuvi walikaa mbele kabisa na mzee akawaona. Mtumbwi ukaanzia msituni. Mti ukachaguliwa, ukakataliwa, ukatafutwa mwingine, shoka likanolewa, mbao zikashonwa kwenye mkuku. Mvuvi mmoja akapaza sauti kwamba hawashoni hivyo. Mzee hakuacha nyuzi. Mstari uliofuata, fundi wa ndani ya hadithi akafumua mshono na kushona upya, kama mvuvi alivyotaka. Ukumbi ulilipuka.

Asubuhi nikamuuliza kwa nini alibadilisha. Akanishangaa: "Sijabadilisha hata neno." Wala hakuwa akinidanganya. Milman Parry na Albert Lord, waliorekodi waimbaji wa tendi Yugoslavia miaka ya 1930, walipewa jibu hilohilo: neno kwa neno, kama nilivyolipokea. Lord alilieleza vizuri katika kitabu chake cha 1960. Kwa mwimbaji asiyeitegemea karatasi, "neno" ni jambo zima linalosemwa. Shujaa amevuka ziwa mara zote mbili. Hakuna kilichobadilika.

Hata hivyo, kuna linaloninyima usingizi. Kwa miaka mingi nimewafundisha vijana kwamba manju hujenga kila kitu papo hapo. Nikizisikiliza rekodi zile kwa makini, majigambo ya shujaa, yale tunayoita ebyebugo, yanafanana silabi kwa silabi, na hata vidole vinapita njia ileile. Hayo yamekaririwa, sina ubishi. Kwa hiyo jaji ana chembe ya haki, na mimi nilipitiliza. Mpaka kati ya kukariri na kujenga siuchori tena kwa ujasiri niliokuwa nao.

Lakini karatasi haiwezi kuwa hakimu. Tazama Burundi, ambako mwimbaji wa inanga hunong'ona. Mnong'ono hauna toni, na Kirundi ni lugha ya toni: sauti ikipanda au kushuka, maana hubadilika. Ni nyuzi zinazoijaza, mpaka sikio linaamini kwamba sauti ndiyo iliyopanda na kushuka. Andika maneno yale peke yake, umeiacha nusu ya usemi kwenye ubao.

Na kile "alichoruka" mwanafunzi wangu ni safari ya porini. Ukumbi ulijaa watoto wa shule waliokaa tangu asubuhi, akaona wanasinzia, akaifupisha, akawapeleka moja kwa moja kwenye dhoruba ya Mugasha, bwana wa ziwa. Watoto wakanyanyuka vitini. Nilikuwepo, niliwaona.

Wameniomba niwapelekee nakala "sahihi" kwa ajili ya mwaka kesho. Nitapeleka zote mbili, ya dakika 22 na ya harusini, na kelele za wavuvi sitazikata.