Aliyezoea Mzigo Haumii?

Ukimwonea huruma mwanamke aliyejitwika dumu la lita 20, hukosi wa kukwambia: “Amezoea huyo.” Dhana hii ina chembe ya sayansi ndani yake, ndiyo maana haifi.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kenya, Wajaluo waliobeba kichwani na Wakikuyu waliobeba kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Walitembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nguvu zaidi ya walizotumia wakiwa mikono mitupu. Habari ikasambaa: mwanamke wa Kiafrika hubeba bure.

Haya, piga hesabu. Kwa mwenye kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Dumu likijaa, maji pekee ni kilo 20. Hiyo “bure” imeshaisha kabla hajaondoka kisimani. Tena utafiti wa mwaka 2010 uliowapima wanawake Waxhosa wa Afrika Kusini haukuikuta nafuu hiyo kwa ujumla. Walitofautiana sana mtu na mtu. Na hata nafuu ikiwepo, kilichopimwa ni pumzi, si shingo. Ngata hulainisha dumu juu ya utosi, lakini uzito hauna pa kwenda ila kwenye pingili za shingo.

Wapagazi sokoni nao wana yao, mkanda mpana kiunoni. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, ilitamka mwaka 1994 kwamba haikuona ushahidi kuwa mkanda huo humkinga mfanyakazi mwenye afya njema. Uchunguzi wa wafanyakazi wa maduka zaidi ya 9,000, uliotoka mwaka 2000, haukuona waliouvaa wakiumia mgongo kidogo kuliko wenzao.

“Kunja magoti, nyoosha mgongo” ni ushauri mzuri kwa boksi lililo sakafuni. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, inayoteremshwa begani kutoka kwenye lori, magoti yataifanya nini? Kanuni ya NIOSH ya kukadiria uzito salama wa kunyanyua huanzia kilo 23, mzigo ukiwa karibu na mwili, una pa kushika, na kiuno hakijapinda. Kila kasoro huzipunguza kilo hizo. Kenya iliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi mwaka 2019, na hizo bado ni zaidi ya mara mbili ya zile 23. Mpagazi akiumia, huambiwa hajui kubeba.