Je, wajua mtaalamu wa sinema ya majaribio, yaani filamu zinazojaribu njia mpya badala ya kufuata mtindo wa kawaida, hufanya kazi gani hasa?

Kijana anayesomea uigizaji hapa Bagamoyo, mji unaofundisha sanaa tangu chuo chake kilipoanzishwa mwaka 1981, aliniuliza mtu anawezaje kutumia maisha yake yote kuchunguza filamu ambazo hazikupata kuonyeshwa katika majumba ya kawaida ya sinema.

Jibu linaanzia katika namna filamu hizo zilivyotengenezwa. Mwaka 1923 kampuni ya Kodak ilileta utepe wa milimita 16, mwembamba na wa bei nafuu kuliko ule wa milimita 35, hata mtu asiye na studio akaweza kupiga picha, kukata na kuunga filamu yake mwenyewe. Mtengenezaji filamu Maya Deren na mumewe, Alexander Hammid, walifanya hivyo nyumbani kwao Los Angeles mwaka 1943. Kazi za namna hiyo zilikuwa na nakala chache na hazikuwa na msambazaji mkubwa, kwa hiyo aliyetaka kuandika kuzihusu ilimbidi kwanza azitafute, na akishazipata azitafutie mahali pa kuonyeshwa.

Mfano mzuri wa mtaalamu wa namna hiyo ni P. Adams Sitney, aliyezaliwa Marekani mwaka 1944, ambaye alianzisha jarida kuhusu filamu hizo kabla hajatimiza miaka 20. Mwaka 1970 yeye, mtengenezaji filamu Jonas Mekas na wenzao walifungua Anthology Film Archives, hifadhi ya filamu yenye ukumbi wa maonyesho, jijini New York. Ukumbi wake wa kwanza, uliobuniwa na mtengenezaji filamu Peter Kubelka, ulikuwa mweusi kote, na kila kiti kilizibwa kandoni ili mtazamaji asimwone jirani yake. Nauthamini sana ukumbi huo, kwa kuwa waliouanzisha walijali jicho la mtazamaji kama walivyojali filamu yenyewe. Mwaka 1974 Sitney alichapisha kitabu kuhusu filamu hizo, Visionary Film, na kwa miaka mingi alifundisha Chuo Kikuu cha Princeton.

Kazi isiyosifiwa vya kutosha ni utunzaji. Utepe wa asetati, aina ya plastiki iliyotumiwa kutengenezea tepe za filamu, ukikaa penye joto na unyevu hutoa asidi ileile iliyomo katika siki, ukanuka, ukasinyaa na kujikunja, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa tepe zilizo karibu. Ndiyo maana hutunzwa katika vyumba vya baridi na vikavu. Mkazi wa Bagamoyo, ambako upepo wa bahari hutia kutu hata bawaba za milango, hahitaji kuelezwa zaidi.

Nilimshauri yule kijana aanze na kanda za maonyesho ya wanafunzi waliomtangulia: aandike juu ya kila kasha nani alipiga picha, wapi na mwaka gani, maadamu wanaokumbuka bado wapo wa kuulizwa.