Kizimba cha sungura ndani ya nyumba: yanayosemwa na yalivyo

"Sakafu ya waya ndiyo safi, mavi yanapita yenyewe."

Mavi yanapita, nyayo zinabaki. Sungura hana vitanga laini kama vya paka. Chini ya mguu ana manyoya na ngozi tu. Akikalia waya kutwa, manyoya ya kisigino hunyonyoka, ngozi huwa nyekundu, kisha hufanya kidonda kigumu kupona. Kila wiki mnyanyue, mkono mmoja chini ya kifua na mwengine chini ya makalio, umtazame visigino vya nyuma. Kama waya umeshafungwa, funika theluthi mbili kwa ubao na umwage majani makavu kina cha vidole vinne. Mkeka wa ukindu pia unafaa, ila usiotiwa rangi, kwani ataula tu. Kwenye kona anayokojolea weka trei na uimwage kila siku. Harufu ya mkojo ikikuchoma wewe uliyesimama, yeye aliyelala chini keshaivuta mapafuni zamani.

"Waya wa kuku unatosha."

Huo ni wa kuku. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, kwa hiyo hutafuna kila siku. Waya mwembamba hukatika na kuacha ncha, na matundu yake hunasa mguu. Akishtuka akapiga teke, mguu huvunjika. Tafuta wavu mgumu uliochomewa, wenye tundu la sentimita 1.2 kama nyumba ina panya. Ncha zilizokatwa zitazame nje na zipigwe tupa. Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa zisitumike kabisa, hata kwa fremu.

"Sungura hanywi maji, akinywa hufa."

Hii imeua wengi. Sungura wa kilo 2 hunywa kiasi cha mililita 100 hadi 300 kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Mpe bakuli zito la udongo. La plastiki atalipindua na matandiko yatalowa.

"Maadamu yumo ndani, jua halimpati."

Jua halimpati, joto linampata. Sungura hatoki jasho; hupunguza joto zaidi kwa masikio, na likipita nyuzi 28 huanza kutaabika. Msimu wa kaskazi, chumba cha bati kisicho na dari hupita hapo mapema mchana. Chumba cha chini cha nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, chenye kuta nene, ni afadhali mno. Ukimwona anatweta, pua imelowa na chakula hagusi, mpanguse masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na umpeleke kwa daktari wa mifugo. Ili asifikie hali hiyo, kila adhuhuri chukua chupa ya lita 1.5 ya maji uliyokwisha kuigandisha, ifunge kwa taulo, iweke upande mmoja wa kizimba. Akitaka ataiegemea, asipotaka ataikimbia.

"Mlango ukifungwa vizuri, hatari imekwisha."

Siafu hawahitaji mlango. Simamisha miguu ya kizimba ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo, na kizimba kisiguse ukuta wala pazia, maana hapo ndipo watakapopita. Waya za feni na televisheni nazo ziwe mbali: waya ukining'inia karibu na wavu atauvuta ndani autafune, na umeme utampiga.