Je, wajua kwa nini idara ya serikali ya Marekani haiwezi kuwauliza watu kumi maswali bila kibali?

Ukiitazama fomu ya kodi ya mapato ya Marekani inayoitwa 1040, utaona juu pembeni namba ndogo ambayo walipakodi wengi huipita bila kuisoma: 1545-0074. Hojaji ya Utafiti wa Jamii za Marekani, ambao Ofisi ya Sensa huuendesha mwaka mzima kwa kutumia sampuli ya anwani zipatazo milioni 3.5, nayo ina namba yake, 0607-0810. Tarakimu nne za kwanza hutambulisha idara yenye kuuliza, na nne za mwisho hutambulisha kazi yenyewe ya ukusanyaji. Namba hiyo hutolewa na Ofisi ya Usimamizi na Bajeti, iliyo chini ya Ikulu na inayojulikana kwa kifupi OMB, na bila hiyo idara ya serikali kuu haina ruhusa ya kuuliza.

Chimbuko la utaratibu huu si hofu ya takwimu mbovu, bali ni uchovu wa kujaza fomu. Kufikia miaka ya vita vikuu vya pili, wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wakilalamika kwamba kila idara huwaletea makaratasi yake, na mara nyingi maswali ni yale yale ambayo idara jirani imekwisha kuyauliza. Bunge likapitisha Sheria ya Ripoti za Shirikisho mwaka 1942, iliyozitaka idara zipeleke hojaji zao kwanza kwenye ofisi ya bajeti ya wakati huo. Sheria hiyo ilikuwa na matundu, kwani ukusanyaji wa kodi, ambao ndio uliokuwa na fomu nyingi kuliko kitu kingine chochote, uliachwa nje. Tundu hilo lilizibwa na Sheria ya Kupunguza Makaratasi, ambayo Rais Jimmy Carter aliitia saini Desemba 1980. Sheria hiyo iliunda ndani ya OMB ofisi maalumu ya kusimamia habari na udhibiti, na ikaandikwa upya kwa kiasi kikubwa mwaka 1995. Ndiyo inayotumika hadi leo.

Kiini chake ni idadi. Idara ikikusudia kuwauliza watu kumi au zaidi maswali yanayofanana katika kipindi cha miezi 12, lazima ipate kibali, na neno «watu» hapa linajumuisha pia makampuni, vyama na serikali za majimbo. Haijalishi kama kujibu ni lazima au ni hiari, wala haijalishi kama maswali yanaulizwa kwa karatasi, kwa simu, kwa intaneti au ana kwa ana. Idara haiwezi kuukwepa wajibu huo kwa kumpa kazi mkandarasi, maana anayeuliza kwa niaba ya serikali huhesabiwa kuwa ni serikali. Ikiwa walengwa ni kampuni zote za sekta fulani, au karibu zote, huchukuliwa kuwa ni kumi hata zikiwa chache zaidi. Watumishi wa serikali kuu wanaoulizwa kuhusu kazi zao hawahesabiwi. Kwa sababu hiyo, watafiti wa idara hizo wana mazoea yanayomshangaza mgeni: wanapotaka kujaribu maswali yao haraka, huwahoji watu tisa, wala si kumi. Tisa si idadi yenye maana yoyote ya kitakwimu, bali ni mpaka wa sheria tu.

Idara inayohitaji zaidi ya tisa huanza safari ambayo mara nyingi huchukua miezi sita hadi tisa. Kwanza hutangaza nia yake katika gazeti rasmi la serikali kuu na kuupa umma siku 60 za kutoa maoni. Baada ya kuyapima maoni hayo na kuirekebisha hojaji inapobidi, hutoa tangazo la pili la siku 30, na wakati huo huo hupeleka jalada lote OMB. Ofisi hiyo ina siku 60 za kuamua, lakini hairuhusiwi kuamua kabla zile siku 30 za umma hazijapita.

Jalada ndilo lenye uzito wa jambo hili. Sehemu yake ya kwanza ina maswali 18 ambayo idara hujiuliza na kujijibu yenyewe, na kuna kejeli kidogo katika hilo: anayetaka kuuliza lazima kwanza aulizwe. Idara hueleza kwa nini taarifa zinahitajika, nani atazitumia na kwa uamuzi gani, na kama hakuna chombo kingine cha serikali ambacho tayari kinazo. Kama inataka kuwapa wahojiwa pesa au zawadi, itetee malipo hayo. Kama maswali yanagusa afya, kipato au mambo mengine ya siri, itaje sababu na namna ya kulinda usiri. Kisha huja hesabu ya mzigo, inayopimwa kwa saa. Tuseme hojaji inachukua dakika 20 na inatarajiwa kujibiwa na kaya 6,000: mzigo wake ni saa 2,000, na saa hizo hugeuzwa kuwa fedha kwa kukadiria thamani ya muda wa watu. Naona hili ndilo wazo zito kuliko yote katika sheria hii, kwamba muda wa raia anayejibu huandikwa kama gharama, sambamba na gharama ya serikali yenyewe, hata kama hakuna atakayemlipa.

Sehemu ya pili huandikwa pale tu panapotumika mbinu za takwimu, na ndiyo inayozipa jasho idara zinazofanya tafiti. Ina maswali matano. Idara hutaja ukubwa wa kundi zima linalochunguzwa na jinsi sampuli itakavyochaguliwa. Hueleza taratibu za ukusanyaji na kiwango cha usahihi kinachotakiwa. Huonyesha itafanya nini ili watu wengi zaidi wajibu. Hueleza majaribio yaliyofanywa kabla. Na mwisho hutaja wataalamu wa takwimu walioshauriwa. Wanaolisoma jalada si maofisa wa bajeti peke yao, kwani ndani ya OMB kuna Mtakwimu Mkuu wa Marekani na wataalamu walio chini yake, nao huupima utafiti kwa viwango ambavyo ofisi hiyo ilivitoa mwaka 2006.

Kimojawapo cha viwango hivyo kinahusu wasiojibu. Utafiti ukitarajiwa kupata majibu kutoka chini ya asilimia 80 ya waliochaguliwa, idara lazima ipange kuchunguza kama waliokaa kimya wanatofautiana na waliojibu. Sababu yake ni rahisi kuiona. Ukifanya utafiti kuhusu saa za kazi kwa kubisha hodi mchana, wanaofanya kazi saa nyingi zaidi ndio usiowakuta nyumbani, na wastani utakaoupata utakuwa mdogo kuliko hali halisi, hata ukiongeza maelfu ya kaya katika sampuli. Kibali basi hakiangalii wingi wa watu peke yake. Huangalia pia ulinganifu: maswali kuhusu mbari na asili ya kabila, kwa mfano, lazima yafuate mwongozo mmoja wa serikali nzima, uliorekebishwa Machi 2024 na kuongezewa kundi la watu wenye asili ya Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini, ili takwimu za idara moja zilinganishwe na za nyingine.

Walio ndani ya kazi hii hulalamika kwamba utaratibu wenyewe umekuwa mzigo, na hawakosei kabisa, kwa kuwa idara inayotaka kujua kama tovuti yake inaeleweka haipaswi kusubiri miezi minane. Ndiyo maana kuna kibali cha jumla, ambacho hupitia hatua zote mara moja na baadaye huruhusu tafiti ndogo zinazofanana zipite kwa haraka. Kuna pia kibali cha dharura, kisichozidi siku 180. Mwaka 2016 Bunge liliziondoa tafiti za kisayansi za Taasisi za Taifa za Afya katika masharti haya. Tume huru za udhibiti, kwa upande wao, zinaweza kutengua katazo la OMB kwa kura ya wengi miongoni mwa wajumbe wake.

Je, mtu akiletewa fomu isiyo na namba afanye nini? Sheria inasema hawezi kuadhibiwa kwa kutojibu ombi la taarifa ambalo halionyeshi namba halali. Wapo waliojaribu kuitumia kinga hiyo kukwepa kodi, wakashindwa mahakamani, kwa sababu wajibu wa kuwasilisha hesabu za kodi umewekwa na sheria ya Bunge yenyewe, wala hautokani na fomu.

Namba yenyewe haidumu. Kibali hakizidi miaka mitatu, na muda ukiisha idara hurudi mwanzo: tangazo la siku 60, la siku 30, jalada na hesabu za saa. Karibu na namba hiyo, au katika maelezo yanayoambatana na fomu, huwa pameandikwa dakika ambazo idara inakadiria mtu atatumia, pamoja na mahali pa kupeleka maoni kuhusu makadirio hayo. Aliyeambiwa dakika 20 akatumia 50 anaweza kuandika na kusema hivyo, na idara itatakiwa kuyazingatia maneno yake itakapoomba kibali tena.