Je, wajua kwa nini Embakasi ina wabunge watano?

Embakasi ilikuwa eneo bunge moja tu, mbunge mmoja, kuanzia Dandora ushuke Kayole na Umoja, upite Pipeline mpaka huko Utawala. Saa hii ni matano: Kaskazini, Kusini, Kati, Mashariki na Magharibi. Mabadiliko yaliingia na uchaguzi wa Machi 2013, ule ambao Nairobi nzima ilitoka maeneo bunge 8 ikaenda 17. Embakasi ndio ilikatwa vipande vingi kuliko zote, Kasarani ikafuata na vitatu, na wengine kama Makadara na Westlands wakabaki na kiti kimoja kimoja.

Sasa jibu unalosikia sana, kwa matatu, kwa kinyozi, hata kwa redio, ni kwamba walihesabu wapiga kura wa Embakasi wakaona wamezidi, na ati kwa hiyo Embakasi ilipendelewa. Hapo kuna makosa mawili na yote yanafaa kunyooshwa, manake yanafanya watu wabishane kila msimu wa mipaka wakitumia namba ambazo hazihusiki.

La kwanza, daftari la wapiga kura halina kazi hapa. Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 kinaongea kuhusu idadi ya wakaaji, yaani kila mtu, na idadi hiyo inatoka kwa sensa. Chukua chumba kimoja cha kupanga Pipeline, ghorofa ya tano, usiku wa tarehe 24 Agosti 2009 ambao sensa ilifanywa. Kuna baba, mama, watoto watatu na mdogo wa mama ametoka ushago kutafuta kazi analala kwa kochi, karani akigonga mlango anaandika watu 6. Siku ya kura ikifika baba anapanda basi kwenda kupiga kura nyumbani kwao manake alijiandikisha huko, huyo mdogo hajapata kitambulisho, watoto ni watoto, anabaki mama peke yake kwenye foleni ya shule ya msingi hapo mtaani. Kwa daftari nyumba hiyo ni kura 1, kwa mipaka ni watu 6. Na nyumba kama hiyo Nairobi ni nyingi sana, kwa hivyo ukichukua daftari la Embakasi na la mahali pengine ukalinganisha ili kuonyesha nani alionewa kwa mipaka, umelinganisha kitu kingine kabisa. Mtoto wa darasa la kwanza Kayole ana uzito sawa na mzee wa miaka 70 linapokuja suala la kuchora mpaka, na mimi naona hiyo ni haki, kwa sababu mtoto huyo ndiye anahitaji darasa na barabara na zahanati hata kama hapigi kura.

Ukubwa wa ardhi pia si kipimo. Embakasi Mashariki ndio pana kuliko zile zingine nne, ina uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ndani yake, na bado kwa sensa ya 2009 ndio ilikuwa na watu wachache kati ya zote tano, 163,858. Njia ya ndege haihesabiwi kama mkaaji. Embakasi Kusini, yenye Pipeline, Kware, Kwa Njenga na Kwa Reuben, ilikuwa na 204,908 waliobanana kwenye maghorofa na mabati.

Kosa la pili ni hilo la kupendelewa, na hapa lazima twende polepole kidogo. Katiba imefunga idadi ya maeneo bunge kuwa 290. Fikiria basi una matatu 290 na hakuna hata moja ya kuongeza, na lazima zibebe Wakenya wote mara moja. Ukigawa sawasawa kila gari linapata abiria 10. Lakini safari hazifanani, kwa hivyo sheria imeruhusu tofauti: gari la jiji linaweza kujaza hadi 14, gari la sehemu zenye watu wachache waliotawanyika linaweza kuondoka na 6, na mengine yote yakae kati ya 7 na 13. Hiyo ndio maana ya asilimia 40 na asilimia 30 zilizoandikwa kwenye kifungu hicho. Sasa ukifika steji ya mjini ukakuta abiria 70 wanangoja, magari manne yatabeba 56 na wengine watabaki chini. Lazima utafute la tano, na hata ukilipata yote matano yataondoka yamejaa mpaka mlangoni.

Embakasi ilikuwa hivyo hasa. Sensa ya 2009 ilipata Wakenya 38,610,097, gawa kwa 290 unapata 133,138, hao ndio wale abiria 10. Ongeza asilimia 40 unafika kama 186,394, hicho ndicho kilele cha eneo bunge la jiji. Embakasi peke yake ilikuwa na watu 925,775, karibu mara saba ya wastani wa nchi. Ukiigawa kwa nne unapata zaidi ya 231,000 kila kipande, imevuka kilele. Ukiigawa kwa tano unapata 185,155, imeingia kwa tofauti ya watu kama 1,200 tu. Kwa maneno mengine watano ndio idadi ndogo zaidi ambayo sheria iliweza kuvumilia, kama ni kwa wastani wa nchi Embakasi ingekuwa na wabunge 7. Na ukifanya hesabu hiyo hiyo kwa Nairobi nzima, watu 3,138,369, inakuja vilevile: 16 hazitoshi, 17 zinatosha kwa shida. Mimi napenda sana hesabu hii, inakaa kimya miaka yote hii na ukiifungua kila namba inaingia mahali pake.

Lakini isichukuliwe kwamba tume ya mipaka ilikaa tu na kikokotoo. Kifungu hicho hicho kinataka waangalie jiografia na miji, jamii zinazoishi pamoja, historia, uchumi, njia za mawasiliano, na wasikilize wananchi pia. Ndio maana vipande havikutoka sawa: Kusini na Kati (Kayole na Komarock, 192,434) zote zilipita kile kilele, Mashariki ikabaki chini. Kazi yenyewe ilianzwa na tume ya Andrew Ligale iliyotoa ripoti mwaka 2010, ikamaliziwa na IEBC, yaani tume ya uchaguzi na mipaka, mwaka 2012, na kulikuwa na kesi nyingi mahakamani kutoka kila pembe ya nchi.

Upande wa pili kuna Lamu Mashariki, kuanzia Faza na Kizingitini kwenye kisiwa cha Pate mpaka Kiunga karibu na Somalia, watu 18,841 kwa sensa hiyo ya 2009. Kwa ile matatu yetu hata abiria wawili hawafiki. Iliponea kwa sababu Katiba, kwenye jedwali la masharti ya mpito, ilisema mapitio ya kwanza yasifute eneo bunge lolote lililokuwepo. Mtu wa Pipeline anaweza kukasirika hapo na namwelewa, maana chini ya sheria ya 2003 ya CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, robo tatu ya pesa ziligawanywa sawa kwa kila eneo bunge bila kuangalia vichwa. Ila mbunge wa huko anapanda boti kufikia watu wake na usalama wa mpaka haujawahi kuwa jambo dogo, kwa hivyo kufuta kiti chao si suluhisho rahisi hivyo.

Wabunge wenyewe kwa ufupi. Kwenye Embakasi moja ya zamani alikuwepo David Mwenje kwa vipindi tofauti, halafu Mugabe Were aliyechaguliwa Desemba 2007 na kupigwa risasi akafa tarehe 29 Januari 2008, Ferdinand Waititu akashinda uchaguzi mdogo Juni mwaka huo. Watano wa kwanza 2013 walikuwa Irshad Sumra Kusini, James Gakuya Kaskazini, John Ndirangu Kati, John Omondi Mashariki na George Theuri Magharibi. Babu Owino alichukua Mashariki 2017, na 2022 Magharibi ikaenda kwa Mark Mwenje, mtoto wa yule David.

Sasa hali ya leo. Sensa ya 2019 ilipata Wakenya 47,564,296, wastani ukapanda kufika 164,015 na kilele cha jiji kama 229,600. Nairobi ilikuwa na 4,397,073, gawa kwa 17 ni 258,651 kila eneo bunge, yaani karibu abiria 16 kwa gari la 14. Ili kurudi ndani ya sheria Nairobi ingehitaji angalau 20. Mapitio yalitakiwa yaishe Machi 2024 lakini IEBC ilikaa bila makamishna kuanzia Januari 2023 mpaka Julai 2025. Na tatizo la 290 halijaenda popote, Nairobi ikiongezwa viti 3 lazima vitoke kwa mtu. BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba, ilijaribu kuongeza maeneo bunge 70, 12 yakiwa ya Nairobi, lakini Mahakama ya Juu ikaukataa mgao huo Machi 2022 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa.

Mipaka mipya ikichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, mtu yeyote ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu kuipinga, na mahakama ina miezi mitatu kuamua. Ukienda, beba namba za sensa, hizo za daftari acha nyumbani.