Mgeni akitembea kwa miguu, nani anafaidika?

Mtalii aliyelipia kila kitu kwao Ulaya, tiketi ya ndege, chumba, chakula na hata gari la matembezi, hufika Malindi na kurudi bila vijiji kuona chochote isipokuwa vumbi la gari. Simlaumu sana, ndivyo likizo nyingi zinavyouzwa. Lakini mgeni huyohuyo akivaa raba akatembea nusu siku, mambo hubadilika, ilmradi ajue anamlipa nani.

Chukua daraja la mbao la hori la Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu upande wa Watamu. Linapita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Kiingilio chake husaidia mpango wa karo wa ASSETS, ulioanzishwa mwaka 2001 na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Watoto wa familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na hori hilo husaidiwa karo ya sekondari, nao wazazi huhimizwa kupanda miti na kuulinda msitu. Hapa pana akili. Mzazi akibanwa na karo, kitu cha haraka cha kuuza ni boriti au gunia la makaa.

Ukienda Mida, usiende maji yakiwa yamekupwa kabisa, maana ndege wametawanyika mbali matopeni na utaona vidoadoa tu. Nenda yanapoanza kujaa. Yatawasukuma pole pole hadi karibu na kibanda. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji huja kwa kasi, na anayetoka darajani kutafuta picha nzuri huzama topeni hadi magotini. Kijana wa kijiji anayetembeza wageni anajua haya tangu utotoni. Dereva aliyekuleta kutoka hotelini huenda hayajui. Basi mchukue huyo kijana, na ukubaliane naye bei kabla hamjaanza safari.

Arabuko-Sokoke wenyewe ni takriban kilomita za mraba 420, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyobaki pwani ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 majirani wengi walitaka ufyekwe wapewe mashamba. Walikuwa na haki ya kulalamika: ndovu walikula mahindi yao, nao hawakupata kitu. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo, ulio Gede, ili majirani hao wapate kipato kwa kufuga vipepeo. Mkulima huweka vipepeo majike ndani ya kizimba cha wavu pamoja na mmea wanaoupenda, wakataga mayai kwenye majani. Viwavi hulishwa majani hayohayo mpaka wageuke pupa, kisha pupa hupelekwa Gede, hukaguliwa, na kusafirishwa haraka ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho kabla kipepeo hajatoka. Mbegu za biashara hii zimo msituni: bila msitu hakuna vipepeo wa kuanzia. Mgeni anaweza kuviona vizimba hivyo, kisha akaingia magofu ya Gede yaliyo palepale, ambayo UNESCO iliyaorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2024.

Kijiji cha Marafa nako kunafaa, hasa jioni jua linapoyapaka rangi makorongo ya Nyari. Usikaribie kingo, udongo ule humomonyoka.

Sasa kuhusu pipi. Watoto wa vijiji vya Malindi huwaita wageni kwa Kiitaliano, na wapo wageni wanaorusha pipi na sarafu kutoka dirishani. Kila pipi inamfundisha mtoto kwamba barabarani kunalipa kuliko darasani. Ukitaka kutoa, mwone mwalimu mkuu umuulize shule inahitaji nini. Picha nazo, omba ruhusa kwanza, na kwa mtoto omba kwa mzazi wake.

Mwisho ni vigango, nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee waliofariki wa Gohu, chama chao cha wazee. Kwa miaka mingi viliibwa vilikosimamishwa, vingine vikafika makumbusho ya Marekani, na baadhi vimerudishwa. Ukiletewa kimoja, hata ukiambiwa ni cha zamani na mwenyewe amekubali, usinunue. Mwambie kiongozi wako, naye awaarifu wazee wa kijiji au ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo Malindi.