Je, wajua kwa nini Ngazija inanyeshewa sana na bado haina mto?

Kutoka Mtwara ukikata bahari kuelekea mashariki na kusini kidogo, hujamaliza kilomita 400 unaikuta Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Visiwa vya Komoro. Kisiwa kizima kimetokana na volkano. Mlima wake mkuu, Karthala, una urefu wa mita 2,361 na bado uko hai. Sehemu za mteremko wake wa magharibi hupata mvua inayofikia milimita 5,000 kwa mwaka, wakati sisi huku Mtwara tukipata kama 1,000 tunashukuru. Kwa mvua hiyo ungetarajia mito kila baada ya vijiji viwili. Hakuna hata mmoja unaotiririka mwaka mzima.

Mtu wa Newala au Tandahimba hatashangaa sana. Juu ya uwanda wa Makonde mvua hunyesha vizuri tu, misitu ya mikorosho inashuhudia, lakini maji hayakai. Yanazama kwenye mchanga mnene, yanakwenda chini kabisa, kisha yanatokeza kwenye chemchemi za mabondeni. Ndiyo maana kina mama wa zamani walikuwa wakishuka bondeni alfajiri na kupanda mlima na mtungi kichwani, na ndiyo maana hadi leo maji ya bonde la Mitema yanasukumwa kwa pampu kuletwa juu. Tatizo la Ngazija linafanana na hili. Tofauti ni kwamba kule kinachoyameza maji ni jiwe.

Lava inapotoka ardhini huwa imejaa gesi. Ikipoa, gesi inatoroka na kuacha vitundu. Jiwe lenyewe nalo husinyaa na kupasuka nyufa. Wakati mwingine ngozi ya juu ya mkondo wa lava huganda huku uji wa moto ukiendelea kukimbia ndani, na ukishapita wote linabaki handaki tupu. Rundika mikondo ya namna hiyo mmoja juu ya mwingine, na ulichonacho ni kifumbu cha kuchujia tui: mimina utakavyo, yote yanapita. Mvua kubwa ikipiga Karthala, makorongo hunguruma kwa maji ya tope, yakakukatia njia kabisa. Ngoja kidogo mvua ikatike, urudi pale pale: mawe meusi, na maji yameshapotea.

Lakini si kila kisiwa cha volkano kiko hivyo, na hapa ndipo penye jibu hasa. Nzuwani, jirani yake, nayo ni ya volkano, ila ina mito na mabonde yaliyochimbika. Kilichowatenga ni umri. Lava ya zamani huoza taratibu kwa jua na mvua ikageuka udongo wa mfinyanzi, udongo ukaziba nyufa, maji yakakosa pa kupenya na kuanza kutafuta njia juu ya ardhi. Ngazija bado ni kijana. Mwaka 1977 lava iliteremka hadi kijiji cha Singani na kukifunika. Lava ya juzi namna hiyo haijapata hata muda wa kuwa udongo. Mito ya Nzuwani yenyewe imepungua sana kadiri misitu ilivyokatwa, lakini hayo ni makosa ya binadamu, tusiusingizie mlima.

Sasa maji ya Ngazija yanaishia wapi? Yanashuka hadi kukutana na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo yanaelea juu yake, kisha yanavujia pwani. Visima vya ufukweni hupanda na kushuka na bahari, na maji yake mengi yana magadi. Upande wa kaskazini liko shimo la volkano karibu kabisa na ufuo, limejaa maji ya chumvi. Ndilo Ziwa la Chumvi linalopigwa picha na kila mgeni. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji, akaja mtu akaomba maji ya kunywa, akanyimwa, kijiji kikazama. Katika kisiwa kisicho na mto, huo ndio ubaya mkubwa kuliko wote ambao mtu angeweza kuubuni.

Kwa karne nyingi watu wakategemea kukinga mvua, na katika vijiji vingi ndivyo ilivyo hadi sasa: bati, mlizamu, tangi la saruji pembeni ya nyumba. Newala pia hayo tunayajua. Ubaya wake ni kwamba tangi lililo wazi ni nyumba ya mbu, na Ngazija isiyo na mto wala bwawa iliwapa mbu wa malaria makazi kupitia matangi hayo hayo. Kisha Novemba 2005 Karthala ulitapika majivu, yakaanguka juu ya mabati na kuingia matangini. Watu walinusurika na moto, wakabaki hawana maji ya kunywa.

Jiwe hili la vitundu halikuishia nchi kavu. Mikondo ya lava iliteremka baharini, na kwenye kuta zake chini ya maji kuna mapango. Humo, kwenye kina cha mita 150 hadi 250, ndimo anamojificha mchana silikanti, samaki ambaye wataalamu walimjua kwa mabaki ya mawe tu na kudhani alitoweka zamani pamoja na dainosaria, mpaka aliponaswa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Nzuwani mwaka 1952, na wavuvi wa huko wala hawakushtuka: kwao alikuwa gombessa, samaki wanayemvua mara moja moja usiku na asiyekuwa mtamu. Mwaka 2003 na sisi tulimpata, kwenye maji ya Songo Mnara, Kilwa, mkoani Lindi.

Kupanda Karthala ni kazi ya siku nzima au mbili, ukifika kileleni unakuta shimo lenye upana wa kilomita 3 kwa 4 hivi. Njiani upo msitu anamoishi bundi mdogo asiyepatikana mlima mwingine wowote duniani. Anayepanda abebe maji yake. Na anayemtaka gombessa asihangaike na kuzamia. Katika makumbusho ya taifa mjini Moroni yumo mmoja aliyehifadhiwa.